Umenunua gari la familia lenye umri? Anza na vimiminika na mipira

Gari la saizi ya kati lenye miaka 15 usiliogope, ila usianze na rangi wala redio. Anza na vitu vinavyozeeka hata likiwa limeegeshwa: vimiminika na mipira. Injini iliyotunzwa ya gari la namna hii inaweza kufika kilometa 300,000 na kuzidi. Mara nyingi kinachoiua mapema ni kitu kidogo, mpira uliopasuka au oili iliyopitiliza muda wake.

Ukiambiwa "sevisi imefanyika" na hakuna karatasi, hesabu kwamba haijafanyika. Badilisha oili ya injini na fleta yake, kulanti (kimiminika cha kupozea injini) na mafuta ya breki, na umwombe fundi akague oili ya gia. Andika tarehe na kilometa kwenye daftari linalokaa ndani ya gari.

Sasa tukae kidogo kwenye upozaji wa injini, maana hapa ndipo wengi wanapopotezea magari. Gari likichemsha sana hata mara moja, silinda hedi ya aluminiamu (kipande cha juu cha injini) inaweza kupinda na gasketi yake, inayoziba katikati, ikaachia. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, tazama kiwango cha kulanti na rangi yake. Ikiwa na rangi ya kutu, huenda mtu alikuwa anajazia maji matupu, yasiyo na dawa ya kuzuia kutu. Minya mpira wa juu wa rejeta: ukiwa umelegea sana, au ukisikia unakatikakatika ndani, muda wake umekwisha. Angalia na pale unapobanwa na klipu. Ukoko mkavu wa kijani au wa waridi ni kulanti inayovuja polepole na kukauka kabla haijadondoka chini, ndiyo maana sakafu yako inaonekana safi huku kiwango kikishuka.

Fungua pia kizibo cha oili. Utando wa rangi ya maziwa unaweza kuwa unyevu tu kwa gari linalotembea safari fupifupi, lakini kama na kulanti inapungua, lipeleke kwa fundi akapime gasketi kabla hujaendelea kuliendesha.

Kuna mafundi watakaokushauri kung'oa themostati (kidude kinachofungulia kulanti njia ya rejeta injini ikipata joto) ili gari "lisichemshe." Kataa. Bila themostati injini hukawia kupata joto, hula mafuta zaidi, na unyevu ulioingia kwenye oili haupati joto la kuukausha. Tena chanzo chenyewe, iwe rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka au pampu ya maji iliyochoka, kitabaki palepale. Na geji ikipanda ukiwa njiani, zima AC, simama mahali salama, zima injini, usubiri. Kizibo cha rejeta yenye moto hakiguswi: maji ya ndani yana presha na yatakuunguza.

Jua pia kama injini yako inatumia mkanda wa taimingi au cheni, yaani kile kinachofanya vali na pistoni ziende kwa mpangilio. Mikanda mingi hubadilishwa karibu na kilometa 100,000, lakini miaka nayo inahesabiwa, kwa hiyo fuata kitabu cha gari. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika pistoni hugonga vali, na hapo unafungua injini. Kama pampu ya maji inaendeshwa na mkanda huohuo, ibadilishe pamoja na tensheni (kikaza mkanda), kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Oili ipime kila wiki, gari likiwa mahali tambarare. Usingoje taa nyekundu. Taa ile ni ya presha, na ikiwaka ukiwa unaendesha, injini tayari inaumia.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo badilisha takriban kila miaka miwili. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri (meno ya tairi) isikudanganye kama mpira wenyewe umepasukapasuka.

La mwisho ni namna ya kuzungumza na fundi, na hili litakuokolea hela nyingi kuliko unavyodhani. Usimwambie "badilisha shokapu." Mwambie unachosikia: "Likipita kwenye tuta, mbele kushoto linagonga, ila kwenye lami haligongi." Mlio huo unaweza kuwa bushi, boljointi au linki ya stabilaiza (viungo vya chini vinavyoshika gurudumu), na shokapu ikawa nzima. Omba akuonyeshe kabla hajafungua kitu. Gari likiwa limeinuliwa na kukaa imara juu ya stendi, ashike tairi juu na chini, alitikise. Likicheza, shaka iko kwenye beringi ya gurudumu au boljointi. Kisha alishike kushoto na kulia. Likicheza upande huo tu, anzeni kwenye tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Na spea ya zamani ikitolewa, iombe uione.