Watoto wakiona daftari wanabadilika: ufanyeje?

Mdogo wangu, unasema watoto wa chekechea unaochunguza ugomvi wao wanatulia na kukuzunguka kila ukifungua daftari. Usivunjike moyo, na tafadhali usijifiche dirishani. Siku nne tano za mwanzo usiandike chochote. Kaa kwenye kiti kilekile, kona ileile, wakikuzoea watakuacha.

Mary Ainsworth, mwanasaikolojia wa watoto, alipofanya utafiti karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, alitembelea familia 26 majumbani mwao, kama saa mbili kila baada ya wiki mbili, kwa miezi hadi tisa. Ndivyo alivyowaona watoto wakitambaa mbali na mama, wakigeuka kumtazama, kisha wakiendelea na michezo yao. Jambo dogo kama hilo hulipati kwa ziara moja.

Ila shida kubwa ninayoiona kwako ni nyingine: hujasema ugomvi ni nini. Kumpokonya mwenzake kikombe ni ugomvi? Na kusukumana kwenye foleni ya uji huku wanacheka? Amua sasa. Halafu andika unachokiona: "amemsukuma kwa mikono miwili, mwenzake akalia". Ukiandika "amekasirika" umeshatafsiri.

Mwombe mwanafunzi mwenzako mkae pamoja, muwatazame watoto walewale kwa dakika zilezile, kila mtu na karatasi yake, bila kuchunguliana. Mkipishana sana, rekebisheni maelezo yenu ya ugomvi ni nini kabla ya kukusanya data. Ridhaa ya wazazi na ya mwalimu mkuu iwe mkononi kabla ya hayo yote.