Mpenzi wa Zilipendwa, Anza na Majina

Kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp, Jumapili haipiti bila mtu kurusha kibao cha zamani. Zitafuata zile kauli zetu: "Hapo sasa!" "Enzi hizo bwana!" "Siku hizi ni kelele tupu." Na mimi nimo, sijitoi. Lakini mwulize aliyerusha, anayeimba hapo ni nani? "Sikinde hao." Sikinde nani? Hapo mtu anapotea mpaka Jumapili ijayo.

Muziki wa dansi na taarabu nimeupenda tangu nikiwa mtoto wa kutumwa sigara dukani, na katika kukaa na wapenzi wenzangu nimeona tuko wa aina mbili. Wapo wanaopenda ujana wao wenyewe, wimbo ni kisingizio tu. Hawa hawana kosa, ila msanii hafaidiki nao chochote. Wapo na wanaompenda msanii. Kama unataka kuwa katika kundi hili la pili, ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanautegemea: yajue majina.

Bendi zetu zilikuwa mabasi, wanamuziki walipanda na kushuka. Ukipenda jina lililoandikwa ubavuni hujui bado umempenda nani. Mchukue mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo. Alikuwemo NUTA Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Kila chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, na leo wote tunaiita Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ilipoundwa Mlimani Park, ndiyo hiyo tunayoiita Sikinde, Gurumo alivuka akaenda huko. Mwaka 1985 tajiri wa bendi ya Orchestra Safari Sound akaivamia Mlimani Park, akamchukua Gurumo, akamchukua mwimbaji Hassan Rehani Bitchuka, akamchukua na mpiga gitaa Abel Balthazar, na ikazaliwa bendi ya Ndekule iliyotikisa mji. Baadaye Gurumo akarudi zake Msondo. Kwa hiyo yule anayeapa kwamba yeye ni Sikinde damu na Msondo hawezi kuisikiliza, huenda sauti inayomtoa machozi ni ile ile anayoikimbia ng'ambo ya pili.

Ule utani wa Msondo na Sikinde wenyewe ulikuwa mtamu, sisemi tuuache. Nasema tu kwamba ukijua nani alihama lini, nyimbo zinaanza kukufungulia milango. Utasikia Bitchuka yule yule, na ile sauti yake nyembamba ya juu, akiwa amezungukwa na magitaa ya watu wengine. Utaelewa kwa nini wimbo fulani wa Ndekule una harufu ya Sikinde. Ni watu wale wale, mtaa mwingine.

Sasa unayajuaje majina? Usianze na kusoma, anza na masikio. Chukua kibao kimoja tu cha Mlimani Park cha miaka ya mwanzo ya 80, vaa hedifoni, kaa mahali ambapo hutasumbuliwa. Mara ya kwanza fuata besi peke yake. Utashangaa inavyotembea, haikai chini ya wimbo kama mlinzi, inazungumza. Rudia, sasa fuata magitaa, ujaribu kutenganisha solo, lile linalopamba, na ridhimu, lile linaloshika mwendo. Pale mwanzoni utaona kama ni gitaa moja, kisha ghafla yanaachana na hutayachanganya tena maisha yako yote. Rudia kwa ajili ya wapulizaji. Angalia wanavyongoja. Mwimbaji anamaliza ubeti, anavuta pumzi, na hapo ndipo tarumbeta na saksafoni zinaingia kama watu waliokuwa mlangoni wanangoja kukaribishwa. Mwishoni wimbo unachanganya, mwendo unapanda, maneno yanapungua, magitaa yanachukua uwanja: hilo ndilo chemko, ndipo wacheza dansi walipokuwa wanalipiza kiingilio chao.

Ukishasikiliza hivyo, lazima utauliza: nani aliyewapanga hawa? Na jibu la Mlimani Park mara nyingi litakupeleka kwa Michael Enoch, King Enoch, mtu aliyeanza na gitaa katika Dar es Salaam Jazz na kuishia kuwa mwalimu wa vyombo karibu vyote. Jina lake wengi hawalijui kwa sababu hakuwa mwimbaji. Mimi namweka juu kuliko nusu ya waimbaji ninaowapenda.

Kumbuka pia jinsi kazi zile zilivyorekodiwa. Nyingi zilifanyika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa wakati mmoja. Hakuna cha mtu kurudi kesho kurekebisha sauti yake. Akikosea mmoja, wote wanarudi mwanzo. Ndiyo maana ukisikiliza kwa makini utasikia watu wakisikilizana, kitu ambacho kompyuta haikiigi ila kwa shida.

Kuna jambo la umbea, na wapenzi wa wasanii tunalipenda kuliko tunavyokubali. Nani alimwimbia nani, nani aliachwa na nani, nani alirogwa. Sikuambii uache, maana nusu ya utamu wa ustaa ni huo. Nakuambia uweke mafungu mawili kichwani: linalojulikana na linalosemwa. Mfano mzuri ni Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa. Linalojulikana ni kwamba alizaliwa mwaka 1944, akang'ara na Morogoro Jazz, akaenda nayo Japani kwenye maonesho ya Expo 70 pale Osaka, akaanzisha Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34. Linalosemwa kuhusu ile ajali na saa zake za mwisho hospitali, ukikusanya wazee watano utapata hadithi sita. Zisikilize zote, chekeni, hata zisimulie, lakini ukizisimulia sema "inasemekana". Marehemu ana watoto na wajukuu, nao wana simu kama wewe.

(Kwa Morogoro ilikuwa mara ya pili hiyo. Salum Abdallah wa Cuban Marimba naye aliondoka kwa ajali ya barabarani, mwaka 1965. Mji mmoja, magwiji wawili, barabara.)

Jambo lingine ambalo nakusihi ulichunge ni kuwafanya wazee malaika ili upate fimbo ya kuchapia vijana. Eti zamani kulikuwa na heshima, siku hizi ni matusi na kiki. Hebu turudi nyuma kabisa, kwa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuja mjini Unguja akiuza vyungu na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Wenzake wa mjini walifanya nini? Walimtungia wimbo wa kumsimanga kwamba kaja mjini na kaniki zake, na kwamba kama si sauti angekula nini. Hiyo ni nini kama si kiki? Naye akawajibu kwa wimbo kwamba sura si hoja, hoja ni akili. Vita ya mastaa mtandaoni ina bibi yake, na bibi yake anaishi Unguja.

Au Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu kule Kongo, ambaye Dar es Salaam walimpenda hadi leo kuna kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy. Mwaka 1990 alitoa wimbo wa kuwahimiza watu wavae kondomu, wakati ambapo kulitaja jambo lile hadharani ilikuwa mwiko, na redio ya taifa haikuupiga. Waliomwita mhuni wakati ule ndio hao hao leo wanaowaita wahuni vijana wanaoimba sasa. Mashairi ya siku zile yalikuwa yanapita kwanza kwenye kamati kabla ya kurekodiwa, kwa hiyo watunzi walijifunza kuficha. Tusichanganye kuficha matusi na kutokuwa nayo.

Na kama unahitaji sababu ya kupatana na hawa vijana, hii hapa. Mwaka 2013 Mzee Gurumo alipotangaza kustaafu, baada ya kama nusu karne jukwaani, ilifahamika kwamba muziki wote ule haukumpa hata gari. Aliyempelekea gari alikuwa Diamond Platnumz. Siyo sisi tuliokuwa tunaandika "Enzi hizo bwana". Mzee alilitumia kwa miezi michache tu. Alifariki Aprili 2014.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niseme hili linalofuata kwa mkazo. Msanii mkongwe anapokuwa hai, mpe akiwa hai. Msiba wa staa wetu haukosi watu. Mchekeshaji Mzee Majuto alipofariki Agosti 2018, nchi nzima ilikuwa na picha zake kwenye simu. Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi kule Kenya, aliyetuchekesha miaka na miaka, alihangaika na macho kabla ya kufariki mwaka 2015. Kipindi mtu anapohitaji watu ni kile ambacho hayupo tena kwenye runinga, wala hayupo bado kwenye taarifa za msiba.

Kumpa si lazima iwe gari. Nenda kwenye dansi. Lipa kiingilio, usiombe uingie bure kwa sababu unamjua mpiga tumba. Bendi kongwe zikitangaza onyesho nenda mapema, maana wazee hawasubiri saa sita ya usiku kama vijana, na ukumbi ukiwa na watu kumi wa kwanza wenye uchangamfu mwimbaji anaimba tofauti. Kibao chako kikipigwa, inuka ukatunze. Noti ibandikwe kwa adabu, usimfunike mtu macho katikati ya ubeti kwa ajili ya kupigwa picha. Ukiwa na uwezo mdogo, tunza wapulizaji na mpiga ngoma, kwa sababu watu wote wanakimbilia mwimbaji na hawa nyuma hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kuhusu kanda zilizo kabatini kwa baba mdogo: zitoe huko. Mkanda unaokaa kwenye joto na unyevunyevu huota ukungu, na ukiuona ule weupe kwenye kingo za mkanda usiutie kwenye redio kabisa, utaharibu kanda na kichwa cha redio pamoja. Mpelekee fundi anayejua kusafisha. Zilizo salama, safisha kwanza kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, izungushe kanda mpaka mwisho na kuirudisha mwanzo, ndipo urekodi kwenye kompyuta. Hifadhi faili kubwa la WAV, usikimbilie kulibana kuwa dogo la kurushia watu. Dogo utalitoa baadaye kwenye kubwa, ila kubwa hulitoi kwenye dogo. Weka nakala mahali pawili. Na kwenye jina la faili, tafadhali, tusirudi kwenye "zilipendwa 7". Andika bendi, mwimbaji, mtunzi, mwaka kama unaujua. Kile kikaratasi cha ndani ya kasha kipige picha pande zote mbili, hata kama kimeandikwa kwa kalamu ya wino na mwandiko wa haraka haraka. Mara nyingi mwenye kanda aliandika tarehe aliyorekodi kutoka redioni, na tarehe hiyo inaweza kuamua ubishi wa miaka.

Mwisho, ukibahatika kukutana na mmoja wao. Wengi wako karibu kuliko tunavyodhani, ni yule mzee anayekaa barazani mitaa miwili kutoka kwako. Mtu akikuelekeza, usiende na kamera mbele. Tuma salamu kwanza kwa mtu wa nyumbani, mpigie shikamoo yako, mwite Mzee au Bibi, jina la jukwaani atalitaja mwenyewe akipenda. Usianze na ndoa zake wala na pesa walizomdhulumu. Anza na wimbo mmoja, tena usiwe ule uliovuma ambao ameshaulizwa mpaka amechoka. Ule wa upande wa pili wa santuri. Mwambie, "Mzee, pale kati kuna gitaa linafanya hivi," na umwimbie hilo gitaa kwa mdomo, hata kama sauti yako ni mbovu. Nimeona mzee aliyekuwa ananijibu "ndiyo" na "hapana" akijiinua kwenye kiti na kunisahihisha nota, vidole vikitembea kwenye mkongojo kama ndio shingo ya gitaa, na kutoka hapo majina yakaanza kumiminika: nani alipiga besi, nani alichelewa siku ile studio, nani alitunga wimbo ambao jina lililoandikwa ni la mwingine.

Omba ruhusa ndipo urekodi kwa simu. Majina yaandike hapo hapo mbele yake, umsomee ili akusahihishe, kwa sababu Rajabu wapo wengi. Na ukiaga usiondoke hivi hivi. Saa mbili alizokupa ni kazi kama kazi nyingine, mwachie chochote kwenye bahasha.