Chumba cha Tatu Kilivyonidanganya

Kwenye daftari langu la maonyesho ya mitambo ya muziki kuna mstari niliouandika asubuhi kwa herufi kubwa: "CHUMBA CHA TATU. HAKUNA KAMA HIZI." Chini yake, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka, kuna mstari wa jioni ya siku hiyo hiyo: "Chumba cha tatu. Besi imekwenda wapi?"

Spika zilikuwa zile zile, amplifaya ile ile, na fundi aliyekuwa akibadilisha nyimbo aliniapia kwamba hakugusa kitu. Aliyehama ni mimi. Asubuhi viti vilijaa, nikasimama nyuma, mgongo ukutani. Jioni watu wamepungua, nikapata kiti cha katikati ya chumba, nikajiona nimebahatika.

Maonyesho mengi ya namna hii hufanyika hotelini. Vitanda vinatolewa, spika zenye kimo cha mtu zinaingizwa, mlango unafungwa. Sasa, sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, na chumba chenye urefu wa mita 5 kina noti yake kipenzi karibu na hezi 34, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, kwa kuwa nusu ya wimbi la noti hiyo inatosha kamili kati ya ukuta na ukuta. Noti hiyo hunguruma ukiegemea ukuta na hufifia ukikaa katikati, hata spika ziwe za nani. Asubuhi ile nilikuwa nimeusifia ukuta.

Tangu hapo besi ya maonyesho siipi alama, iwe tamu iwe chungu. Nikikuta inavuma nahama kiti, kisha nahama tena. Ikibadilika kila ninapohama, hilo ni tatizo la chumba na najinyamazia. Ikinifuata kila kona, hapo ndipo naanza kuishuku spika.

Mtego wa pili ni kiwango cha sauti, na huu umewanasa wengi kuliko ukuta. Mitambo miwili ikipigwa mmoja baada ya mwingine, na mmoja ukawa juu kwa desibeli moja tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wasikilizaji wengi hawatasema "huu una sauti kubwa zaidi". Watasema "huu una uhai". Halafu sikio lenyewe halina usawa: watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo tunasikia besi kwa shida, na ikipandishwa besi inajitokeza haraka. Muuzaji anayejua kazi yake hahitaji kuambiwa hayo. Mkono wake hauachi kitufe cha sauti.

Kwa hiyo mimi huomba ipunguzwe. Naomba kwa upole, maana wapo wanaokasirika: "Ndugu, samahani, tunaweza kuisikia chini kidogo? Kama vile mtu anasikiliza usiku, watoto wamelala." Mtambo mzuri ukishushwa unabaki na umbo lake, mwimbaji anarudi nyuma hatua moja lakini maneno yake yote yapo. Mtambo uliokuwa ukiishi kwa kelele unanyong'onyea, unabaki msumari wa matoazi na mdundo usio na mwili. Nimeshuhudia chumba kizima kikianza kuchungulia simu dakika moja baada ya sauti kushushwa, na muda mfupi kabla walikuwa wanatikisa vichwa.

Kushusha sauti kunaokoa masikio pia. Kipimo kinachotumiwa sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika 94 una saa moja tu. Mimi baada ya vyumba vinne natoka nje nikakae kimya robo saa, la sivyo chumba cha tano nakihukumu kwa masikio yaliyokufa ganzi.

Nyimbo za mwenyeji zisikilize kwa adabu, lakini usizitegemee. Utakuta mwanamke mmoja anaimba taratibu, gitaa la besi pembeni, kinanda kwa mbali, vyote vimerekodiwa karibu na maikrofoni. Nyimbo hizo zinapendeza hata kwenye redio ya jikoni, na ndiyo sababu zimechaguliwa. Beba zako kwenye flashi, tatu zinatosha, ambazo umezisikia mpaka unajua mwimbaji anavuta pumzi wapi. Moja iwe na kwaya kubwa au tarumbeta nyingi kwa pamoja, maana kwenye msongamano ndiko spika nyingi huchanganya sauti zikawa uji.

Na beba sauti ya mtu anayeongea tu. Yangu ni sekunde 40 za dada yangu akisoma ukurasa wa kitabu sebuleni, bila muziki. Wauzaji hunitazama kama nimepotea njia. Lakini hakuna ala ninayoijua kama sauti ya dada yangu, na kasoro zinajianika upesi: kwenye spika moja ghali sana alisikika kana kwamba ana mafua, kwenye nyingine kila "s" yake ilikuwa kama mafuta ya moto yanayorukiwa na maji. Chumba kimoja alikuwa hayupo mahali popote, sauti imesambaa kama moshi. Msemaji mmoja aliyerekodiwa sawa kulia na kushoto anapaswa kusimama katikati ya spika mbili, hewani. Nikamwuliza mwenyeji kama nyaya ziko sawa. Akainama nyuma ya mitambo, akakaa huko kidogo, akainuka mwekundu wa uso: spika moja ilikuwa imefungwa kinyume, waya mwekundu mahali pa mweusi. Watu walikuwa wamepita humo tangu asubuhi, wengine wakisifu "upana wa jukwaa".

Macho nayo ni shahidi wa uongo. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa watu spika zile zile, mara zikiwa zimefichwa, mara zikionekana, na alama zikabadilika. Kwa hiyo naingia, nakaa, nafumba macho, naandika, kisha ndipo nasoma kibao cha bei. Kuhusu kebo za kunyanyuliwa juu ya vigingi ili zisiguse zulia, mimi hupita tu. Mtu akishindwa kuweka spika zake vizuri, kebo haitamwokoa.

Mwishowe, mitambo niliyoinunua haina sifa yoyote daftarini. Nilikaa, ukapigwa wimbo wangu wa kwaya, ukaisha, ukaanza mwingine, na nilipotazama kalamu ilikuwa bado ina kifuniko. Niliandika jina la spika tu, nikaomba nizijaribu nyumbani kwa wiki moja kabla ya kulipa. Omba hivyo nawe. Anayekataa kabisa, mshukuru uende zako.

Siku ya kwanza nyumbani nikaipiga ile sauti ya dada. Mafua! Nilikaribia kuzirudisha. Siku ya tatu nikazisogeza sentimita 40 kutoka ukutani, nikarudi kitini, nikafumba macho, na akasoma ukurasa wake wote kwa sauti yake mwenyewe.