Kinanda kisimfunike mwimbaji: mfano wa Astrud Gilberto na Walter Wanderley

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini sauti ya mwimbaji wenu inazama kila mnapojaribu bossa nova, ule muziki mtulivu wa Brazil, kwa kinanda, ilhali katika albamu ya mwimbaji Astrud Gilberto na mpiga kinanda Walter Wanderley, wote wa Brazil, "A Certain Smile, a Certain Sadness", iliyorekodiwa mwaka 1966, sauti nyembamba kama ile inasikika neno kwa neno. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipiga kinanda nyuma ya waimbaji hotelini, na hakuna albamu niliyoisikiliza kwa makini kuliko hiyo.

Sikiliza kwanza muda ambao vidole vya Wanderley vinakaa juu ya vitufe. Noti ya piano hufifia yenyewe, lakini ya Hammond, kinanda cha umeme alichopiga yeye, hulia kwa nguvu ileile mpaka uinue kidole, na hata ukikigonga kitufe kwa hasira sauti haiongezeki, kwa sababu ukubwa wake hutawaliwa na pedali ya mguu. Hivyo mpigaji aliyelelewa na nyimbo za kanisani, aliyezoea kushikilia kodi ndefu (yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja), humjengea mwimbaji ukuta bila kukusudia. Wanderley hugusa na kuachia. Kodi zake fupifupi huangukia kabla au baada ya pigo, na Astrud hupitisha maneno yake katika nafasi zinazobaki. Isitoshe, Hammond ina swichi inayoongeza mlio mfupi wa kugonga mwanzoni mwa noti, na mlio huo haurudi mpaka vitufe vyote viwe vimeachiliwa. Anayeunganisha noti huupata kwenye noti ya kwanza tu, bali anayezikatakata huupata kila mara, na kinanda chake hukaribia kuwa ala ya mdundo.

Kazi hiyo ya kumsindikiza mwimbaji Wanderley hakuianza kwa Astrud. Mwaka 1961, huko Brazil, kinanda chake kilisikika katika albamu ya João Gilberto, mume wa Astrud wakati huo, ambaye aliimba kwa sauti ya chini kama mtu anayezungumza chumbani. Aliyeweza kumsindikiza João bila kumfunika hakuwa na la kuogopa. Naye Astrud, mzaliwa wa Salvador, Bahia, hakujaribu kamwe kushindana na ala: aliimba karibu na maikrofoni, noti zikiwa zimenyooka, karibu bila mtetemo wowote.

Linganisha rekodi mbili za wimbo wa mtunzi Marcos Valle ambao Wamarekani waliujua kama "Summer Samba". Wanderley alipoupiga bila mwimbaji, na ukafika nafasi ya 26 katika chati ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, mwaka 1966, kinanda ndicho kilichoshika melodi. Katika albamu ya Astrud, ambako unaitwa "So Nice", melodi ni yake, na kinanda kinarudi nyuma kusukuma mdundo. Mimi binafsi naona albamu ina nyimbo mbili tatu za mzaha ambazo zingeweza kuachwa, lakini huo wimbo mmoja unatosha kuwa somo la mwezi mzima.

Kwa bendi yenu, mwachie mpiga besi noti zote za chini. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ukiingia huko, mwimbaji na mpiga besi wote wawili wanapotea. Kama kinanda chenu ni cha kidijitali chenye sauti ya Hammond, vuta vipini vichache tu vya sauti (vile vinavyoongeza tabaka za mlio), zima spika inayozunguka, ile inayoifanya sauti iyumbe, au iache katika mwendo wa polepole, kisha fanyeni mazoezi mwimbaji akiwa hana maikrofoni. Mpiga kinanda asipomsikia katika hali hiyo, na apunguze pedali kabla ya mtu yeyote kugusa mitambo ya sauti. Mwimbaji wangu wa sasa ana sauti ndogo kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na kwa utaratibu huo wateja wa meza za nyuma wanamsikia.