Mnyama wa kwanza wa mtoto wa miaka sita: kwa nini sisi tuliishia kwa simbilisi

Dada, umeeleza kwamba mwanao wa miaka sita analilia mtoto wa mbwa, kwamba mmepanga vyumba viwili hapo Morogoro katika nyumba ambayo uwanja ni wa wapangaji wote, na kwamba wewe hurudi kutoka kazini jioni. Binti yangu alipokuwa na umri huohuo tulikuwa katika hali kama yenu hapa Iringa, na kwa kuwa nilikosea kabla ya kupatia, naona nikueleze yote.

Kosa langu lilikuwa sungura. Nilimchagua kwa sababu ni mpole, hapigi kelele na chakula chake ni majani. Sikujua kwamba sungura wengi hawapendi kubebwa, wala kwamba mifupa yake ni myepesi ilhali miguu ya nyuma ina nguvu nyingi, kiasi kwamba akishikwa vibaya kisha akarusha teke anaweza kujivunja uti wa mgongo. Binti yangu alimwinua kama anavyomwinua mwanasesere wake, sungura akajirusha na kuangukia sakafu, na kuanzia hapo miguu ya nyuma haikufanya kazi tena. Alikufa kesho yake. Mtoto aliniuliza kama ni yeye aliyemuua, na swali hilo linaniuma hadi leo, kwa maana ni mimi niliyempa mnyama ambaye mikono yake midogo haikuwa tayari kumshika.

Baada ya miezi kadhaa nilinunua simbilisi wawili, wale wanyama wadogo ambao kwa Kiingereza huitwa guinea pig. Kwa kuwa huku Nyanda za Juu Kusini simbilisi hufugwa kwa ajili ya kitoweo, nilianza na watu wazima: bibi ya binti yangu na wajomba zake wote waliambiwa mapema kwamba hawa hawachinjwi. Nimewahi kuona mtoto akirudi kutoka shuleni na kukuta jogoo aliyempa jina yuko chunguni, na sikutaka jambo hilo litokee kwangu.

Simbilisi hung'ata mara chache na, akizoeshwa, hutulia mapajani mwa mtoto aliyeketi chini. Kwetu hakuna aliyeruhusiwa kumbeba huku amesimama. Lakini kilichonishinda moyo ni kwamba hujibu. Ndani ya wiki mbili wetu walikuwa wameutambua mchakacho wa mfuko wa majani, na kila binti yangu alipoushika walipiga ule mlio wao unaofanana na mluzi. Mtoto aliyekuwa akiogopa kugusa mnyama tena alianza kukimbilia bandani kabla hajavua sare za shule.

Matunzo yake yana mambo ambayo wauzaji hawayasemi. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo akilishwa pumba na nyasi kavu peke yake hupata kiseyeye. Sisi huwapa nyasi mbichi na kipande cha pilipili hoho kila siku, na hatuwapi kamwe majani ya nyanya wala ya viazi mviringo, kwa kuwa yana sumu. Hapendi kuishi peke yake, ila hakikisha jinsia kwa afisa mifugo, kwa sababu wetu niliouziwa kama majike wawili walituzalia watoto watatu, na jike anaweza kushika mimba tena saa chache tu baada ya kuzaa. Kwa joto la Morogoro, banda likae kivulini penye hewa, maana joto likizidi nyuzi 30 mnyama huyu anaweza kuzidiwa na kufa. Huishi miaka mitano hadi minane.

Sisemi kwamba mbwa hafai. Ninasema kwamba mtoto wa mbwa hawezi kushinda peke yake hadi jioni, anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa afikapo miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na katika uwanja wa pamoja kuna haki ya majirani, hasa Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Siku mtakapompata, mfundishe mwanao asifiche jeraha la meno hata likiwa dogo, kwa kuwa watoto huficha wakiogopa mbwa wao atauawa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kobe, tumbili na kasuku wanaouzwa barabarani waache kabisa: ni wanyamapori, na kuwafuga bila kibali ni kosa kisheria.

Kabla hujalipa fedha, mpe mwanao kazi ya kuwawekea maji kuku wa jirani kwa wiki tatu, umwangalie hasa siku za mvua. Hata akifaulu, panga ukijua kwamba mtunzaji ni wewe. Binti yangu sasa ana miaka 11, anawapenda simbilisi wake kweli, na bado zipo jioni ambazo mimi ndiye ninayewajazia maji.