Begi la kujifungulia atalifungua nani?

SWALI: Shikamoo Bibi Mkunga. Nina miaka 24, hii ni mimba yangu ya kwanza na niko wiki ya 33. Naishi Chanika na wifi yangu wa miaka 17. Mume wangu anaendesha lori la Tunduma, akiondoka harudi kabla ya siku nne au tano. Kliniki wamenipa orodha ya vifaa, jirani amenipa yake, na kwenye simu nimekuta nyingine ya vitu 40. Nguo za mtoto nimenunua nyingi, lakini begi bado tupu kwa sababu sijui nianze na nini. Mama mkwe naye anasema kumnunulia mtoto vitu kabla hajazaliwa ni mkosi. Naomba unielekeze.
Mama Mtarajiwa, Chanika

JIBU: Marahaba mwanangu. Fuata orodha ya kliniki utakakojifungulia, maana wao ndio wanaojua wana nini na wamepungukiwa nini. Mpira wa kulalia, glovu, pamba, vibanio vya kitovu, wembe mpya: vinunue kama walivyoandika, vifunge pamoja, usivifungue tena. Hapo sina la kuongeza.

Ninalotaka ulifikirie ni hili: begi hilo hutalifungua wewe. Utakuwa kitandani na uchungu umekukaba, na atakayeingiza mkono humo ni wifi yako au nesi ambaye hajawahi kuliona. Lipange kwa ajili ya mkono wao.

Mwaka 1994 nikiwa zamu ya usiku, alizaliwa mtoto wa kike saa tisa, msimu wa baridi. Nikaomba kanga. Aliyemsindikiza mzazi alikuwa mdogo wake, binti wa miaka kama 15. Akatoa pea tatu za viatu vya kufuma, akatoa sweta, akatoa chupa ya mafuta, mwishowe akamwaga begi zima sakafuni huku analia. Kanga zilikuwa chini kabisa, mpya, bado zimekunjwa kama zilivyotoka dukani. Mtoto mbichi ana maji mwili mzima na joto humtoka upesi sana. Nilimkausha kwa kanga yangu niliyokuja nayo kazini. Yule binti hakuwa na kosa lolote. Hakuna aliyemwonyesha.

Basi juu kabisa weka kanga mbili zilizofuliwa. Ya kwanza ni ya kumkausha mtoto, na ikishalowa inaondolewa. Ya pili ni ya kumfunika akiwa amelazwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Kofia iwe ndani ya hiyo kanga ya pili. Nasisitiza zilizofuliwa kwa sababu kanga mpya ina wanga, ni ngumu na hainyonyi maji. Ifue mara mbili tatu, ianike juani, ipige pasi. Kanga nyingine nne zikae chini yake, zako na za mtoto, maana damu baada ya kujifungua si kidogo na utabadilisha mara nyingi kuliko unavyodhani.

Vitu vyako vikae fungu la peke yake: pedi kubwa za uzazi, chupi pana za rangi ya kiza, dera au gauni la vifungo mbele ili unyonyeshe bila taabu, ndala, sabuni, mswaki. Nguo za mtoto chukua jozi tatu tu. Kuoga atasubiri, ikiwezekana saa 24, kwa hiyo beseni la kumwogeshea, hata kama umenunua zuri, libaki nyumbani. Chupa ya chai, kikombe na chaja ya simu viende kwenye kikapu. Usisahau mfuko wa salfeti wa nguo chafu. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku mwaka 2019, nimeona wengi wakibeba kanga za damu mikononi.

Kadi ya kliniki isiingie humo ndani kabisa. Iweke mfuko wa nje wa begi pamoja na kadi ya bima kama unayo, na nakala za vitambulisho vyenu, ili majina yaandikwe sawasawa kwenye tangazo la mtoto, ile karatasi ya kuombea cheti cha kuzaliwa. Nyuma ya kadi andika kwa kalamu namba tatu: ya mume, ya dereva wa bajaji anayekubali kuamka usiku, na ya mtu mzima wa jirani. Simu huzima. Ya nne ni 115, ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, haitozi pesa. Ni ya dharura. Ukiona damu inatoka, kichwa kinauma vikali na macho yanaona giza, au mtoto ameacha kucheza, hapo usisubiri uchungu wala begi. Nenda.

Kuna kitu kimoja nakuomba usikiweke, hata akikuletea mtu unayempenda: dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu. Nimewapokea wanawake waliokunywa kwa siri chooni. Uchungu ule huja kwa nguvu isiyopimika na unaweza kupasua mfuko wa uzazi. Nimezika watoto kwa ajili ya kikombe kimoja.

Begi liwe tayari wiki hii. Watoto njiti, wanaozaliwa kabla ya wiki 37, hawatoi taarifa, na mumeo anaweza kuwa Tunduma. Likishafungwa, mwite wifi, zima taa, mwambie: "Nipe kanga ya kwanza." Kisha ya pili. Kisha kadi. Akiweza gizani bila kuuliza, mmemaliza.

Mama mkwe usibishane naye. Hofu yake naielewa. Katika umri wake huenda ameona nguo za mtoto zikirudishwa kabatini. Mwombe kanga zake mbili za zamani, zile zilizolainika kwa kufuliwa miaka mingi. Hizo hazikununuliwa kwa ajili ya mtoto, na hakuna dukani zinazonyonya maji kuzishinda. Ziweke juu kabisa.

Ukijifungua niandikie uzito wake.