Pandisha sauti, au paza sauti?

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anauliza: "Mwalimu wa kwaya akisema tupandishe sauti, nusu yetu tunapiga kelele, nusu tunahamia noti ya juu. Nani kamwelewa?"

Waliohamia noti. Waliopiga kelele siwalaumu. Wameambukizwa na waandishi wanaotuambia kila siku kwamba fulani "alizungumza kwa sauti ya juu", kumbe alifoka tu, tena kwa sauti nene. Msemo huo unaniudhi kwa sababu unafuta tofauti ambayo Kiswahili kimekwisha kuiweka wazi. Sauti kubwa na ndogo ni habari ya nguvu. Sauti nyembamba na nene ni habari ya wingi wa mitetemo kwa sekunde. Noti ya la inayopatanishiwa ala ni mitetemo 440 kwa sekunde, ipigwe taratibu au kwa kishindo.

Sikilizeni ngoma za Bagamoyo. Chapuo ni ndogo, hulia nyembamba. Vumi ni kubwa, hunguruma. Lipige vumi kwa nguvu zako zote: litasikika mbali, lakini halitalia kama chapuo, maana nguvu hutanua mtetemo, haiuharakishi. Ngozi ikinywa unyevu wa bahari hulegea, hutetema polepole, na mlio hushuka. Ndiyo maana wapigaji huipasha moto kabla ya kuanza: ikikauka hukaza, mlio ukapanda. Ikisogezwa mno motoni, hupasuka. Uzi wa gambusi nao ukiubana katikati, mitetemo huwa maradufu, noti ileile ikasikika oktava moja juu. Ukitaka kufika huko kwa kukaza tu, mkazo sharti uwe mara nne, na uzi aghalabu hukatika njiani.

Najua kupaza kumetokana na kupaa, kwa hiyo hata humo mna kupanda. Lakini matumizi yamekwisha kukiweka kitenzi hicho upande wa nguvu, na kikae huko. Kinachowapoteza watu ni koo: mtu akipiga kelele, nyuzi za sauti hukazika, hivyo sauti huwa kubwa na hupanda kwa pamoja. Hapo ndipo kwaya inapotoka kwenye noti.

Mwalimu na aseme "pazeni" akitaka nguvu, "pandeni noti moja" akitaka wembamba. "Pandisha sauti ya redio" naivumilia, kwa kuwa kitufe kile huongeza nguvu tu na hakuna anayepotea. Kwenye kwaya siivumilii.